Usimwambie fundi linaliaje, mwambie linalia lini

Katika gereji za Mwanjelwa, jijini Mbeya, mteja hushuka kwenye gari, na salamu haijaisha vizuri tayari ameanza kuigiza. Mmoja atasema "ngo-ngo-ngo". Mwingine atakunja midomo na kupiga mluzi. Utamkuta mwanamume mzima mwenye suti na Land Cruiser la maana ameinama kando ya tairi akinguruma, na hakuna anayecheka kwa sababu wote wamezoea. Fundi mzoefu humwacha amalize. Kisha huuliza: "Sawa bosi, inalia ukiwa unafanya nini?"

Hapo ndipo wenye magari wengi tunapokwama. Tumekariri mlio kama wimbo lakini hatujui ulianza saa ngapi, kwenye gia ipi, wala upande gani wa kona.

Mlio wenyewe haumpi fundi kitu cha kushika. Chukua ule wa "tik-tik-tik". Huenda ni tapeti zilizokosa oili. Huenda ni moshi unaovuja pale manifoldi ya ekzosti inapoungana na injini. Huenda ni sivi jointi iliyokwisha, au kijiwe tu kilichonasa kwenye kashata za tairi. Kijiwe unakitoa kwa bisibisi bila kulipa hata senti. Tapeti zinazolia kwa kukosa oili ukizipuuza kwa wiki kadhaa, unatafuta injini nyingine. Kinachozitenganisha ni majibu ya maswali ambayo hayahusu mlio hata kidogo. Injini ilikuwa baridi au imeshapata moto? Gari lilikuwa limesimama au linatembea? Ukikanyaga mafuta, mlio unaenda haraka zaidi? Ukikata kona ya kulia, unanyamaza?

Kwa maswali ya namna hiyo, sidhani kama kuna mahali Tanzania panapomfaa fundi kuliko Nyanda za Juu Kusini. Dar es Salaam gari huamka kwenye joto, hutambaa kwenye foleni, hurudi kulala. Huku juu mambo ni tofauti. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa inaifuata kwa karibu, na asubuhi ya Julai usukani unashikwa kwa glavu. Kutoka Ipogolo, kando ya barabara kuu, hadi Iringa mjini ni kupandisha tu. Ukitoka Mbeya kwenda Tunduma unakutana na mteremko wa Iwambi kabla hujafika Mbalizi. Ukitoka Iringa kwenda Dar, unateremka Kitonga. Ukikata kusini pale Uyole, barabara inakupitisha Tukuyu na kukushusha hadi Kyela, jirani na Ziwa Nyasa lililo mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Siku moja inatosha kulipitisha gari kwenye baridi, mlima, mteremko, kona na matuta.

Tuanze na baridi, maana ndiyo inayosema ukweli mwingi na ndiyo isiyosikilizwa. Mlio wa kwanza wa asubuhi kwa kawaida ni mkanda wa feni: "kwiiii" kali mara injini inapowaka, halafu kimya. Umande umelala kwenye mpira, betri imetumika kuzungusha stata, altaneta sasa inadai nguvu nyingi kwa mkupuo, na mkanda unateleza. Kuna jaribio la zamani lisilohitaji chombo: nyunyiza maji kidogo kwenye mkanda injini ikiwa inaunguruma, ukiwa umeweka vidole na nguo mbali. Mlio ukizidi, mkanda umelegea. Ukikata kwa muda kisha ukarudi, huenda puli moja haijakaa kwenye mstari, na hapo mkanda mpya nao utalia baada ya wiki mbili, utamlaumu muuza spea bure.

Mlio wa pili wa baridi ni mzito zaidi, "do-do-do" ya ndani kabisa, inayofifia kadiri sindano ya joto inavyopanda. Mara nyingi hiyo ni pistoni inayopiga ukuta wa silinda. Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Asubuhi imesinyaa, ina nafasi ya kuyumba. Ikipata joto inajaza nafasi yake na kutulia. Injini ya namna hiyo imechakaa, ndiyo, lakini inaweza kukubeba muda mrefu. Moshi unaovuja kwenye manifoldi nao hufanya vivyo hivyo: "tik-tik" wakati wa baridi, kisha chuma kinatanuka na kuziba ufa. Milio yote miwili hupotea injini ikipata moto, ila wa kwanza unatoka ndani ya bloku na wa pili unapuliza, ukiweka mkono jirani (bila kugusa) unausikia upepo.

Hapa niseme jambo kuhusu thamostati. Kuna mazoea, tena ya mafundi wenye majina, ya kuing'oa na kuitupa gari linapochemsha. Makambako au Mafinga, kwa baridi ile, injini isiyo na thamostati huchelewa sana kufika kwenye joto lake. Inagonga muda mrefu zaidi kila asubuhi, inakunywa mafuta, na mwenye gari anaanza kuambiwa kuwa pistoni zimekwisha, kumbe zimekosa tu joto la kufanyia kazi.

Anayenunua gari la mkononi ndiye hasa anayehitaji asubuhi hiyo. Muuzaji mjanja atakupokea saa nne, gari likiwa limeshawashwa na kuzungushwa mtaa, na ndani ameweka oili nzito ya namba 40. Oili nzito hujaza nafasi zilizochakaa na kufunika kelele. Wewe nenda mapema, bila kutangaza sana, fungua boneti na ushike injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, sema utarudi kesho. Ikiwa baridi, mwombe awashe huku wewe umesimama mbele, redio imezimwa. Sekunde tano za mwanzo, kabla oili haijafika juu kwenye kamshafti, zina habari nyingi kuliko kadi ya gari.

Injini ikishapata moto na bado inagonga, fundi huanza kuhesabu. Huenda asiseme kwamba anahesabu, lakini sikio lake linafanya hivyo. Katika injini ya mizunguko minne, kamshafti huzunguka mara moja wakati krankishafti inazunguka mara mbili. Gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 400 tu, chini ya mara saba kwa sekunde. Kwa hiyo tapeti moja mbovu hulia polepole, na mlio wake ni mwepesi, wa juu, chini ya kava la valvu. Metali ya konrodi iliyochakaa hufuata krankishafti: ni mlio wa haraka zaidi, mzito, unaotoka chini, na huwa mkali zaidi ukikanyaga mafuta kidogo. Ili kuthibitisha, fundi hukata moto wa plagi moja moja. Akifika kwenye silinda ambayo ukikata moto wake kugonga kunapungua, ameshampata mgonjwa: mlipuko haupo, hakuna kinachoisukuma konrodi kwa nguvu. Hapo usiendeshe hata kwenda nyumbani. Gari litakalonoki njiani kati ya Igawa na Chimala litakula pesa ya injini na ya kuvutwa.

Ili kujua ni silinda ipi, wengi hutumia pia bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Daktari Mfaransa René Laennec alifika kwenye wazo hilohilo mwaka 1816 jijini Paris, alipoviringisha karatasi ili asikilize moyo wa mgonjwa, na kikawa chanzo cha kifaa kinachoning'inia shingoni mwa kila daktari leo. Chuma hupitisha mtetemo vizuri kuliko hewa, na kelele za jirani hubaki nje. Tahadhari tu ya feni na mikanda. Nywele ndefu na shali havina nafasi hapo.

Sasa tupandishe mlima. Gari la petroli likibebeshwa mzigo kwenye gia kubwa kuliko inavyostahili, utasikia mlio mkavu wa vyuma, mwepesi, wa haraka, unaokoma ukiachia mafuta. Huo ni mchanganyiko wa hewa na mafuta unaojilipukia wenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaufikia. Magari mengi ya sasa yana sensa ya kusikiliza mlio huo tu, imefungwa kwenye bloku, inayonasa mitetemo ya maelfu kwa sekunde na kuiambia kompyuta icheleweshe moto. Kwa maneno mengine, mtengenezaji wa gari mwenyewe aliona sikio halikwepeki, akalifunga kwa nati.

Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni kwamba Mbeya huficha ugonjwa huu. Hewa ya mita 1,700 ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, nguvu inapungua, na shinikizo ndani ya silinda linapungua pia, hivyo mafuta hayajilipukii kirahisi. Gari linaloishi Uyole likiwa tulivu linaweza kuanza kugonga likifika Kyela au Dar, na mwenyewe akaapa kwamba alitiliwa mafuta machafu njiani. Mafuta huenda hayana kosa. Hewa imekuwa nzito, na kaboni iliyojijenga juu ya pistoni kwa miaka sasa ndiyo inaonekana.

Maji nayo hufuata urefu wa mahali. Mbeya yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Kinachoinusuru injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho huzuia shinikizo na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya digrii 20. Kifuniko chenye mpira uliochoka hakishiki shinikizo, na thamostati nyingi hufunguka zikiwa kwenye digrii 80 na kitu, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Ukizima gari baada ya kupandisha Kitonga ukasikia maji yanabubujika kwenye mipira ya rejeta, anza na kifuniko, ni spea ya bei ndogo. Usikifungue injini ikiwa moto.

Mlima pia huumbua plagi na koili. Gari linalotembea vizuri kwenye tambarare za Usangu likifika kwenye kilima cha Ipogolo linaanza kumisi, kukohoa kwenye ekzosti, kupoteza nguvu. Cheche dhaifu huweza kuwasha mchanganyiko mwepesi. Ukikanyaga mafuta shinikizo linapanda, inashindwa kuruka.

Milio ya miguu ya gari ni ya fundi mwingine kabisa, na kujua hilo kunakuokoa kufungua injini bure. Kanuni ni rahisi: mlio ukifuata mwendo wa gari hata ukiweka gia huru kwa muda mfupi kwenye barabara tambarare, injini haihusiki. Beringi ya tairi huvuma, "wuuuu", na mvumo unapanda na mwendo. Likunje gari kidogo kushoto: uzito unahamia kulia, na kama beringi mbovu ni ya kulia, itavuma zaidi. Ukihama kutoka lami chakavu kwenda lami mpya na mvumo ukabadilika, zilikuwa tairi. Sivi jointi hulia "kata-kata-kata" ukikunja usukani hadi mwisho na kuondoka, na kabla ya hapo kava lake la mpira huwa limechanika siku nyingi, grisi imemwagika na vumbi limeingia. Wanaopanda kutoka Chimala kwenda Matamba, njia ambayo jina lake ni Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, hawahitaji kuambiwa. Zile kona zinatosha kuimaliza jointi iliyokuwa imebakiza pumzi. Magari ya propela yana "ngo" moja nzito unapobadili gia kutoka mbele kwenda nyuma: krosi zimelegea. Boljointi na bushi husubiri matuta.

Na tuwe waungwana kwa kijiwe. Tangu ujenzi wa njia nne uanze kati ya Nsalaga na Ifisi, magari ya Mbeya yamepitishwa kwenye njia za mchepuko zenye kokoto. Kokoto moja ikiingia kati ya disiki ya breki na bati linaloikinga hutoa ukelele wa kutisha, wa chuma kwa chuma, unaomfanya dereva asimame akidhani tairi linang'oka. Rudi nyuma mita chache, mara nyingine inadondoka yenyewe. Mtu anaweza kuuziwa brekipedi nne kwa sababu ya kokoto hiyo.

Wapo wanaosema haya yote ni mambo ya kale, siku hizi gari linapimwa kwa mashine. Mashine ni kitu kizuri. Marekani iliyafanya matundu ya kuichomeka kuwa ya lazima kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na leo hata fundi wa chini ya mti ana kifaa cha kuunganisha na simu. Lakini mashine inasoma sensa, na boljointi haina sensa. Bushi haina. Krosi haina. Gari linaweza kuwa na taa zote safi kwenye dashibodi huku mguu wa mbele unakaribia kuchomoka. Nimeona pia mtindo mpya wa kurekodi mlio na kumtumia fundi kwa WhatsApp kutoka Njombe au Makambako. Simu zimetengenezwa kubeba maneno ya watu: hupunguza sauti za chini na kufuta kelele isiyobadilika, yaani zile hasa ambazo beringi na metali hutoa. Andika ujumbe badala yake: "Inaanza nikifika mwendo wa 60, inazidi nikikunja kushoto, inaisha nikisimama." Huo fundi ataufanyia kazi.

Gharama kubwa ya kutojua linalia lini ni kubadilisha spea kwa kubahatisha. Leo shokapu, wiki ijayo stablaiza linki, mwisho wa mwezi raki ya usukani, na mlio bado upo. Sipendi kuwatupia mafundi lawama yote. Mteja aliyekuja na neno moja, "inagonga", akaacha funguo na kuondoka, amemwachia fundi kazi ya kubuni. Afadhali mkae wote garini mzunguke hadi Kabwe na kurudi.

Barabara hii kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma imefundisha masikio tangu zamani. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa upande mmoja tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikosa njia yake ya mafuta ya kusini, na mapipa yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Wazungu waliokuwa wakiipita waliiita Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services na malori yake ya Fiat kutoka Italia. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikafuata. Mizigo haijapungua, nenda Tunduma uone foleni.

Malori hayo ndiyo yanayonipeleka kwenye kelele muhimu kuliko zote, ile inayokosekana. Breki ya gari dogo ikichakaa inalia: brekipedi nyingi zina kijichuma kinachogusa disiki na kupiga kelele makusudi. Breki ya lori linaloteremka Kitonga, Inyala au Iwambi haina ukarimu huo. Lori la tani 50, kwa kila mita 100 linazoshuka kwa wima, lazima limwage joto linaloweza kuchemsha karibu lita 150 za maji. Joto hilo likienda kwenye breki peke yake, dramu inatanuka na kuzikimbia shuu zake, laini zinapoteza uwezo wa kushika, na dereva anazidi kukanyaga pedali. Huja harufu, huja moshi. Mlio hauji.

Kwa hiyo anayeteremka salama anapaswa kupiga kelele. Injini inapaswa kunguruma juu, kwenye gia ndogo ile ambayo gari lingepandia mlima uleule, na "psss" za upepo wa breki ziwe za hapa na pale, si mfululizo. Abiria wa basi aliyekaa siti ya mbele anaweza kusikiliza hilo bila kujua chochote cha ufundi. Basi likianza kuteremka na injini ikatulia, ikabaki kuunguruma kwa chini huku miti inapita kwa kasi, dereva ameweka gia huru ili abane mafuta. Hilo ndilo la kupigia kelele: "Dereva, rudisha gia!" Wala hatabana chochote. Injini nyingi za sasa zenye nozeli za umeme hukata mafuta kabisa gari linapoteremka kwenye gia bila kukanyagwa. Akiweka huru, kompyuta inalazimika kuyarudisha ili injini isizime.